Vidonge Ndani ya Kopo la Poda

Wateja walimwita Nyororo. Alikuwa amenyoa watu kwa miaka ishirini na sita katika chumba kimoja chenye viti viwili na feni inayolalamika, na muda wote huo uso wake ndio uliokuwa tangazo lake: laini, bila doa. Mtu akimwuliza anapaka nini, alijibu, "Maji na majivuno," na chumba kizima kikaangua kicheko.

Kikohozi kilipoanza, alilaumu vumbi la nywele. Mkewe hakukubali. Alimkokota hospitali, na baada ya picha na vipimo wakaambiwa ni saratani ya pafu. Nyororo hakuwahi kuvuta hata sigara moja. Lakini daktari, mwanamke mpole aliyempita binti yao kidogo tu kwa umri, alikuwa na habari ya kutia moyo.

"Seli zina kitu kama kengele ya mlangoni," aliwaeleza. "Mwili ukitaka seli iongezeke, unabonyeza. Kwenye huu uvimbe wako kengele imeharibika, inalia yenyewe kutwa, na seli zinatii tu. Kidonge hiki kinakata waya. Kimoja kila siku, bila kuruka. Ila ngozi nayo inatumia kengele za aina hiyohiyo, kwa hiyo itakusumbua. Ikizidi, niambie."

Ndani ya wiki tatu kikohozi kilipungua. Ndani ya wiki hizohizo uso ukachafuka. Vipele vyenye usaha vilimjaa puani, kidevuni na kifuani, na vidole vikavimba pembeni mwa kucha hata kushika mkasi ikawa kazi. Jumamosi moja karani mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alimkazia macho kwenye kioo cha ukutani huku amenyolewa shavu moja. Akasema amekumbuka jambo la haraka. Alijivua kitambaa mwenyewe, akatoka na nusu ya ndevu zake.

Waliokuwa kwenye benchi wakajifanya wanasoma simu. Nyororo alikikunja kile kitambaa taratibu, masikio yakimwaka.

Picha ya mwezi wa pili ilionyesha uvimbe umenywea nusu. Daktari alifurahi, akamwuliza kuhusu vipele. "Navivumilia," alijibu kwa mkato, kwa maana mwanaume mzima aanzeje kumlilia binti mdogo habari za chunusi? Akajiambia kwamba uvimbe ulionywea kiasi hicho hautajali akipumzika kidogo. Akaanza kumeza kidonge kimoja kila baada ya siku tatu, kisha kimoja kwa wiki. Mkewe alimwekea glasi ya maji kila asubuhi. Yeye alifumba kidonge kiganjani, akanywa maji, akashukuru. Akifika kazini, kidonge kiliingia kwenye kopo tupu la poda, nyuma ya mashine mbovu.

Uso ukarudi. Wateja wakarudi, hata yule karani. Na Nyororo, tuseme ukweli, alifurahi sana. Aliimba akichana nywele.

Mwezi wa tano kikohozi kikamrudia, na picha ikaonyesha uvimbe umekua.

"Dawa unameza kila siku?" daktari aliuliza.

"Kila siku."

"Maji namwekea kwa mkono wangu," mkewe akaongeza.

"Basi huenda seli zimepata njia nyingine ya kupitisha ujumbe, zimeizunguka dawa. Hutokea. Itabidi tuchukue kipande kingine tukipime."

Bado angeweza kusema. Alilala kitandani, sindano ndefu ikapita katikati ya mbavu, mkewe akiwa nje amekumbatia shati lake, na hakusema.

Majibu yalipotoka, daktari aliyasoma mara mbili mbele yao. Hakukuwa na njia mpya. Ilikuwa kengele ileile, ambayo dawa ile ilipaswa kuizima.

"Sielewi," alisema, macho mekundu kwa uchovu. "Nimewauliza hata wakubwa zangu. Nisamehe, baba. Pengine kuna kitu nimekosea mimi. Endelea na dawa hii wakati tunatafuta la kufanya."

Nyororo alitazama viatu vyake.

Kwenye dirisha la dawa muuguzi alimpa chupa. "Una bahati, ndiyo ya mwisho." Nyuma ya Nyororo alisimama mama mmoja mwembamba, mwenye vipele uso mzima, vibaya kuliko alivyowahi kuwa navyo yeye. "Mgao haujafika, mama. Rudi baada ya wiki mbili," muuguzi akamwambia. Yule mama hakubishana. Aliuliza tu, "Nitakaa wiki mbili bila?" Kisha akamgeukia Nyororo na kutabasamu. "Wewe mwenzangu ngozi yako imekukubali. Unapaka nini?"

Nyororo alimwachia chupa kaunta, akamwambia muuguzi, "Mpe huyu," akaondoka kwa hatua za haraka kama aliyekamatwa akiiba.

Nyumbani alimweleza mkewe yote. Mkewe akasema, "Nilikuwa nakuwekea maji." Hakusema kingine, na Nyororo angependa zaidi apigiwe kelele.

Kesho yake alilifungua kopo mbele ya daktari. Vidonge tisini na vitatu.

"Sindano ile imekuchoma bure, na ulijua?"

"Nilijua."

Daktari aliweka kalamu chini. "Ungeniambia tu. Kuna dozi ndogo. Kuna dawa ya kupaka, kuna vidonge vya kutuliza vipele. Tungeshughulikia kwa wiki mbili." Nyororo aliomba basi wapewe wengine vile vya kopo. Haiwezekani, akajibiwa, vimekaa wazi kwenye joto na poda, vitachomwa.

Mgao ulipofika, alianza upya kwa dozi ndogo. Uvimbe ulinywea, ingawa haukurudi ulipokuwa mwanzo. Uso sasa una madoa machache, na wateja wanaoyaogopa huenda kwingine.

Na yule mama mwembamba wanakutana kliniki kila mwezi. Humwita kaka, husimulia watu benchi zima jinsi kaka huyu alivyomwachia chupa ya mwisho, mtu mwenye moyo wa dhahabu. Nyororo hujaribu kumkatiza. Mara mbili amevuta pumzi ili amweleze, na mara zote mbili jina lake limeitwa, akanyanyuka upesi kuliko ilivyohitajika.