Anayesaka kinga ya nagana katika damu ya mbuzi

Saa mbili asubuhi, katika ofisi ndogo mjini Voi, Loise Mumo, mtafiti wa jeni za mifugo, anawasha kompyuta kabla hata ya kuvua sweta. Herufi nne, A, C, G na U, zinajipanga upya na kujaza skrini. Hiyo ni damu ya mbuzi wa Kasigau, iliyosomwa na mashine ikawa maandishi.

"Watu hudhani mimi ni daktari wa mifugo," anasema akicheka. "Nawaambia mbuzi wangu hawali nyasi."

Anachosaka ni maikroRNA, vipande vidogo mno vinavyoweza kuzima jeni mwilini. Programu zake hukisia ni kipande kipi kinazima jeni ipi. Kisha maabara hupima kama ni kweli.

Alipokuwa kidato cha tatu, nagana, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na nzi aitwaye mbung'o, ulimaliza mbuzi wa kwao Makwasinyi, huko Kasigau. Jike mmoja tu alipona, akaendelea kuzaa.

Miaka miwili iliyopita, mjomba wake Musyimi alitaka jike huyo achinjwe katika harusi iliyofanyika kwao. Loise, aliyekuwa ameajiriwa karibuni, akampigia simu mama yake, Nzembi.

"Mama, usikubali. Damu yake naihitaji."

"Na wageni nitawapa nini, Loise? Kompyuta?"

Hata hivyo, Nzembi alimkatalia kaka yake. Wageni wakala kuku, na Musyimi akanuna hadi Krismasi.

Damu ya jike huyo na ya mbuzi wengine ikasomwa. Programu ikataja mamia ya jeni. Loise akachagua moja aliyoiamini, maabara ikaipima kwa miezi. Haikuwa yenyewe.

"Nililia," anasema. "Halafu nikanawa uso, nikarudi kwa kiti."

Msimamizi wake, Vincent, alimshauri ahamie kwa ng'ombe, ambao wamechunguzwa zaidi. Alikataa. Aliongeza mbuzi, waliougua na waliopona, akabakisha tu majibu ambayo programu tatu ziliyakubali kwa pamoja.

Mwezi uliopita maabara ilithibitisha jibu moja: kipande kilichojaa katika damu ya mbuzi waliopona huzima jeni inayozidisha homa.

"Hiyo si dawa bado," anaonya Vincent. "Lakini sasa tunajua pa kuchimba."

Juma lijalo Loise anaelekea Njukini kupima mbuzi wapya. Anataka kipimo rahisi cha damu, cha kumsaidia mfugaji kuchagua beberu wa mbegu.

"Sisi tulijua yupi ana nguvu baada ya kuzika wengine," anasema. "Nataka mtu ajue mapema, mbuzi wake wote wakiwa wamesimama."