Kufuli la Mhandisi

Tulimwita Bi Kufuli, na alijua. Alikuwa mhandisi wa matengenezo katika kiwanda chetu cha sabuni, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mashine ikiharibika, kila fundi alitakiwa kuzima umeme na kutundika kufuli lake kwenye swichi kuu kabla ya kutia hata kidole ndani. Kufuli la mtu hufunguliwa na mwenyewe, tena akishachungulia ndani kwa macho yake. Ukisahau, alikupasha mbele za watu mpaka utamani ardhi ipasuke ikumeze. Tulitaniana kwamba hata nyumbani kwake sufuria haiinjikwi bila ufunguo.

Siku hiyo alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kubadilisha beringi ya pipa kubwa la kuchanganyia sabuni, kaka yake akapiga simu kutoka hospitalini: hali ya baba yao imebadilika. Alitoka mbio, vifaa vikiwa sakafuni, ufunguo shingoni. Kufuli likabaki kwenye swichi.

Mchana meneja akaja juu. Sabuni ilikuwa inagandia kwenye mabomba.

"Leteni mkasi wa chuma, mlikate!"

Mimi ni fundi umeme, na mkasi ulikuwa wangu. Tulichungulia pipa kutoka juu, tukaona giza tu. Nikasema tumpigie kwanza.

"Mimi nilitoka pipani," alijibu kwa sauti ya chini nisiyoizoea. "Mwingine sijui. Msikate, nakuja."

"Na baba je?"

"Amenishika mkono."

Akaja, macho mekundu, hakumsalimu mtu. Alilala kifudifudi penye mlango mdogo wa chini, akamulika tochi, akapiga ukelele. Chini ya mapanga ya chuma alikuwa amejikunja mfanya usafi wetu, mtu mzima mwenye wajukuu. Aliingia kukwangua masalia wakati sisi tunakula, na ubaridi wa mle ndani ukamlaza usingizi.

"Kufuli lako liko wapi, mzee wangu?" Bi Kufuli alifoka alipomtoa. "Ungesagwa wewe!"

"Niliona lako limetundikwa, mwanangu. Likiwepo lako, mimi nina wasiwasi gani?"

Kumbe wafanya usafi wote ndivyo walivyofanya. Walilitegemea lake, yao wakayaacha kabatini.

Simu yake ikalia. Alisikiliza, akasema, "Sawa, kaka," kisha akaenda kufungua kufuli. Ufunguo ukawa unamponyoka. Nilimsaidia kuuokota, nikampa pole, nikamwambia marehemu baba yake angefurahi kujua kwamba ameokoa mtu.

"Usiniambie hivyo," alisema. "Aliniomba nisiondoke. Vidole vyake nilivibandua mwenyewe."