Mishipa Iliyogoma Kuota

Maabara nzima walimwita Pilipili, na wiki ile aliwasha kwelikweli.

Kazi yake ilikuwa kuotesha mishipa ya damu kwenye visahani. Huchukua seli zilizotolewa kwenye kitovu cha mtoto mchanga, akazimwaga juu ya ute mzito, akazifungia kwenye kabati la joto. Kufika jioni zimeshikana zikawa wavu. Uvimbe wa saratani nao hujiotesha mishipa hivyo hivyo ili upate damu, ndiyo maana walitafuta dawa ya kuizuia. Basi mkuu wake akatangaza redioni kwamba imepatikana: visahani alivyovitia dawa mwenyewe havikuota hata uzi.

Shangazi yake Pilipili, mwenye uvimbe kifuani, akasikia. Akaahirisha upasuaji. Ya nini akatwe, na mwanawe Pilipili ana dawa?

Pilipili alipopata habari, wiki kadhaa baadaye, akarudi maabara roho juu, akauliza seli zilitoka chupa gani. Lo! Zisizotiwa dawa zilikuwa changa. Zilizotiwa dawa zilikuwa kuukuu, zimehamishwa chupa hadi chupa mpaka zimechoka. Seli zikizeeka haziungani, uzitie dawa usizitie. Hilo mtu hufundishwa pale kabla hajaonyeshwa choo. Mkuu aliishiwa changa, akaona uvivu kungoja kitovu kingine. Uvivu tu! Pilipili akarudia kwa seli changa pande zote. Mishipa ikaota kote, yenye dawa na isiyo na dawa.

Mkuu akambembeleza anyamaze kidogo, wafadhili wako njiani, na haraka haraka haina baraka.

"Uvimbe haujui methali, bosi," alisema Pilipili, akijizuia asimzabe kofi.

Akaenda kwa shangazi, akaeleza yote. Shangazi hakutaka kusikia. Aliyesema redioni ni mkubwa wake. Pilipili ni nani ampinge? Pilipili akatoka amefura. Kesho yake alimleta mkuu mwenyewe, akamkalisha sebuleni na kumwambia aseme. Mkuu akatazama viatu vyake, akanong'ona kwamba dawa haifanyi kazi.

"Sema kwa sauti," shangazi alimwambia. "Redioni ulisikika vizuri."

Akarudia. Shangazi akaweka mkono kifuani, mahali uvimbe ulipokuwa umeongezeka.

"Mtoe huyu nyumbani kwangu," alimwambia Pilipili. "Halafu unipeleke hospitali, mwanangu, kama bado watanikubali."