Siku Niliyokifunga Kisima cha Buna

Nilipaswa kukataa kupanda gari lile. Ilikuwa asubuhi, kiangazi kikali, na Afisa wa Maji alikuwa amekuja kutoka Wajir na gari la serikali lenye askari wawili nyuma. Hakushuka hata kunisalimia. Alifungua kioo akasema, "Fundi, zima mtambo, funga mlango, leta ufunguo. Watu wa kutoka bara wote wanaondoka Buna leo. Ni amri."

Ngamia walikuwa wamejipanga kwenye birika, midomo majini. Nyuma yao walisubiri wengine waliotembea kutoka mbali, na wachungaji wao wamechuchumaa kivulini mwa mifugo yao wenyewe. Ningeweza kusema, "Afande, acha wamalize kwanza, halafu tuzungumze." Ningeweza kusema siondoki bila mke wangu. Nilizima mtambo, nikafunga mlango kwa kufuli, nikatia ufunguo mfukoni, nikapanda.

Nyinyi mnaoanza kazi hii ya visima sasa mmenikuta mzee wa pensheni, na huwa mnaniuliza tulifanyaje kazi zamani. Nitawaeleza. Lakini nimeanza na asubuhi ile kwa sababu yote niliyojifunza kabla yake yalikuwa yananiandaa kwa ajili yake, na ilipofika nilishindwa.

Nilikuja Garissa kutoka Mwingi nikiwa nimemaliza kidato cha nne, na cheti kisichonipeleka popote. Idara ya maji ilikuwa inatafuta wasaidizi wa mafundi. Siku yangu ya kwanza karakanani nilipokelewa na Msimamizi wa Karakana, mzee wa Kisomali mnene, kofia nyeupe kichwani na spana kwenye mfuko wa shati kama kalamu.

"Jina?"

"Musyoka."

"Mkristo?"

"Ndiyo, mzee."

"Fizuri," akasema. "Leo utaomba sana."

Nilifikiri ananitisha. Kumbe alikuwa ananieleza kazi. Tulienda kwenye kisima kilichokuwa nje kidogo ya mtaa wa Iftin, ambacho pampu yake ilikuwa imeungua. Kisima kirefu hakina ndoo wala kamba. Pampu yenyewe huzamishwa chini kabisa ndani ya maji, ikining'inia kwenye mabomba ya chuma yaliyounganishwa moja baada ya jingine. Kuitoa, mnasimamisha miguu mitatu ya chuma juu ya shimo, mnafunga mnyororo wa kunyanyulia, mnavuta bomba moja, mnalibana kwa klampu, mnalifungua, kisha mnavuta la pili. Klampu ndiyo roho ya kazi. Ikilegea, mabomba yote na pampu yake yanaanguka chini, na kisima hicho mnaweza kukiaga. Msimamizi alinikabidhi klampu siku hiyo hiyo. Niliomba kimoyomoyo kila bomba lilipopanda.

Jioni tulikuwa tumeshusha pampu mpya. Jenereta likanguruma. Kwa muda hapakutoka kitu, upepo tu uliokohoa kwenye bomba. Kisha tope. Kisha maji, mekundu kwanza, halafu meupe, yakiruka kama kitu kilichokuwa kimefungiwa tangu dunia iumbwe. Nilisimama nimeacha mdomo wazi. Ardhi ile ninaijua: vumbi, miba, mawe yanayochoma soli ya kiatu. Na chini yake kulikuwa na haya!

"Vua kofia," Msimamizi akaniambia, na yeye kichwa chake kikiwa kimefunikwa. "Nyinyi si huvua kofia mbele ya Mungu? Mungu aliweka maji haya hapa kabla ya babu yako kuzaliwa. Sisi tumefungua mlango tu. Fundi akianza kufikiri maji ni yake, mimi namrudisha kwao na basi la kwanza."

Nilivua. Tangu siku hiyo sikuwahi kuyaona maji yakitoka bila kuvua kofia, na vijana wangu wengi walinicheka kwa hilo.

Baadaye nilipelekwa Hagadera, kwenye kambi ya wakimbizi. Kule nilifanya kazi chini ya Mhandisi wa Maji, mwanamume mkimya asiyependa mikutano. Foleni za madumu zilianza kabla ya jua, mikokoteni ya punda ikigombania njia, akina mama wakipigiana kelele kwa Kisomali na kutuchambua sisi mafundi bila kujali kama tunaelewa. Mhandisi alinifundisha jambo moja ambalo halimo katika mwongozo wowote. "Wakipiga kelele, endelea na kazi yako," alisema. "Wakinyamaza, kimbia ukaangalie mtambo. Mtu mwenye kiu ya kweli hana sauti."

Huko ndiko nilikompata Ndinda. Alikuwa muuguzi katika zahanati ya kambi, Mkamba mwenzangu, mwenye maneno machache na macho yanayokuangalia mpaka useme kweli. Tulifunga ndoa kwao Kitui, tukarudi jangwani pamoja. Jumapili Wakristo wachache tulikutana katika chumba cha mabati: walimu, madereva, askari mmoja mmoja. Mimi nilifanywa mzee wa kanisa kwa kuwa nilipenda kusema.

Somo langu kubwa lilikuwa habari za Hajiri jangwani. Mnajua alivyofukuzwa na mwanawe, maji yakawaishia, akamlaza mtoto chini ya kichaka na kwenda mbali ili asimwone akifa. Mungu akamfungua macho, akaona kisima. Nilipenda kuwauliza wenzangu: kisima kilichimbwa saa ile? Hapana. Kilikuwepo. Kilichokosekana ni macho. Nilisema imani ni kuuona msaada wa Mungu ulipo, na ujasiri ni kubaki pale mpaka umeuona. Watu walisema amina. Majirani zetu Waislamu nao walijua habari za mama huyo kwa heshima kubwa, na mara nyingi tulizizungumza nao kwenye kisima bila ugomvi.

Kisha tukahamishiwa Buna, mimi kisimani, Ndinda zahanatini. Mji mdogo, ng'ombe, mbuzi, na ngamia wengi kuliko watu. Mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuwa mama mmoja mjane, mrefu, jina lake Dahabo. Siku ya kwanza alinizunguka kama mtu anayekagua beberu sokoni.

"Wewe ndiyo fundi? Mbona nyembamba hifi? Kenya hakuna chakula?"

Huko mtu wa bara huitwa mtu wa Kenya, kana kwamba Buna iko nchi nyingine.

"Chakula kipo, hooyo," nikamjibu, kwa neno lao la kumwita mama. "Kazi ndiyo imenikausha."

"Basi mimi nabatia wewe masiwa. Lakini ukizima mashine bila kuniambia, hata masiwa wewe hakuna."

Utaratibu wa Buna ulikuwa hivi. Jioni wenye mifugo walikaa na Dahabo kupanga zamu za kesho: nani atanywesha kwanza, nani atasubiri. Walibishana sana, walitaniana, wakati mwingine fimbo ziliinuliwa. Mwisho Dahabo alinigeukia: "Fundi, mashine naweza?" Nikisema inaweza, neno langu lilikuwa limeingia katika makubaliano yao. Mtu angetembea siku nzima na mifugo yake akitegemea neno hilo. Hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mwaka ule wa kiangazi kirefu habari mbaya zilianza kufika. Watu wenye silaha walikuwa wanawatafuta wafanyakazi wasio wenyeji. Walimu wakaanza kuondoka. Alasiri moja wazee wa Buna walikuja nyumbani kwetu, Dahabo pamoja nao. Walikaa kwenye mkeka, wakakubali chai. Mzee wa ukoo akasema kwa Kisomali, na Dahabo akanieleza, huku akimwonyesha Ndinda: "Wewe na daktari sasa ni magan yetu."

Magan ni mtu aliyewekwa chini ya ulinzi wa ukoo. Atakayemgusa amewagusa wote, na ukoo ukishatamka neno hilo hauwezi kulirudisha bila aibu itakayorithiwa na watoto. Hawalitamki ovyo. Ndinda aliinamisha kichwa akashukuru, machozi yakimtoka. Mimi nilishukuru pia, kwa mdomo. Ndani nilijiambia, hawa ni wazee na bakora zao, watazuia nini?

Siku chache baadaye ndipo gari la Afisa lilipokuja. Nikiwa tayari ndani yake, tulipitia zahanati kumchukua Ndinda. Alitoka mlangoni amevaa glavu.

"Panda, tunaondoka," nikamwambia.

"Kuna msichana ndani, ni mimba yake ya kwanza. Anaumwa tangu usiku."

"Ndinda, hawa watu wanakuja kutuua!"

"Mtoto hajui habari za gari, baba," akasema. Hakupandisha sauti. Akatazama upande wa kisima, kisha akanitazama mimi. "Mbona siusikii mtambo?"

Nilishika ufunguo mfukoni.

"Umewazimia maji?"

Afisa akapiga honi. "Mama, hatuwezi kusubiri. Unapanda au hupandi?"

"Sipandi," akasema. "Hawa wazee walitupa neno, tukalipokea. Musyoka, shuka tubaki wote."

Alinyoosha mkono. Mlango wa gari ulikuwa hatua moja tu kutoka kwake. Nilisema, "Nitakuja kukuchukua." Dereva akaondoa gari, na ule mkono niliuona bado umenyooshwa mpaka vumbi likauficha.

Yaliyofuata nilisimuliwa. Wachungaji walivunja mlango wa mtambo wakauwasha wenyewe. Mtoto alizaliwa mchana, wa kike. Alasiri gari la watu wenye silaha lilifika pembezoni mwa mji likauliza watu wa bara wako wapi. Wazee walikwenda kulipokea kwa miguu, wamevaa vikoi na kushika bakora, wakasimama katikati ya barabara. Dahabo aliwakusanya wanawake wa Buna wakaketi katika ua wa zahanati, na watoto wao mapajani, mpaka hapakubaki nafasi ya kuweka mguu. Wale watu walizungumza na wazee kwa muda mrefu. Mzee wa ukoo aliwaambia kwamba muuguzi ni mtoto wao, na njia ya kumfikia ni juu ya miili yao. Mwishowe lile gari liligeuka.

Watu ambao hawakuwa wa imani yangu, ambao sikuwa nimewapa chochote isipokuwa kazi niliyolipwa, walisimama mbele ya bunduki kwa ajili ya mke wangu. Na mke wangu aliwaamini bila kuona, ndani ya chumba, akiosha mtoto. Mimi niliyehubiri habari za macho kufunguliwa nilikuwa Wajir, katika chumba cha hoteli, nimefunga mlango. Mungu alikuwa ameniletea msaada mpaka kwenye mkeka wangu, ukanywa chai yangu, na sikuutambua kwa sababu ulikuwa umevaa kikoi.

Nilirudi hali ilipotulia. Dahabo alinikuta nikitazama mlango uliovunjwa. Nilitaka anitukane.

"Tulifunja mlango yako," akasema. "Tusamehe, fundi."

Hakuwahi kunitania tena. Aliniita "fundi" kwa adabu, kama anavyoitwa mgeni. Jioni wakipanga zamu hakuniuliza tena kama mashine inaweza. Alimtuma mtu aende kuisikiliza.

Ndinda alinipikia, akanifulia, akanijulia hali. Nilimwomba msamaha na akasema amenisamehe, na ninaamini alisema kweli. Lakini tulipopiga magoti pamoja niliona anaomba peke yake. Niliporudishwa Garissa nilimwambia afunge mizigo twende.

"Mimi nina kazi hapa," alisema. "Na nina watu."

"Na mimi ni nani?"

Alinitazama kwa upole. "Siku ile nilikunyooshea mkono, Musyoka. Sijui tena namna ya kuunyoosha."

Nilimaliza utumishi wangu Garissa nikiwa Msimamizi wa Karakana, katika kiti kile kile cha mzee aliyenipokea. Niliwafundisha vijana klampu, na kusikiliza kimya cha foleni, na kuvua kofia. Niliwafundisha pia kwamba mtambo hauzimwi mifugo ikiwa kwenye birika, hata akiamuru nani. Wengine wamekuwa mafundi bora kuliko mimi.

Kuhusu imani sina mengi ya kuwafundisha, ila haya. Uoga si dhambi. Ndinda aliniambia alitetemeka mchana ule mpaka akashindwa kukata kitovu, ikabidi Dahabo amshike mkono. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitetemeka akiwa mahali pake. Na ukimwomba Mungu akutumie msaada jangwani, usimchagulie sura ya atakayemtuma.

Sasa ninaishi Iftin, katika chumba cha kupanga karibu na duka la nafaka. Ndinda amestaafu pia, na wazee wa Buna wamempa kiwanja, amejenga hapo. Yule mtoto aliyezaliwa siku ile humwita nyanya. Sikukuu Ndinda huniletea salamu kwa simu, fupi na za heshima. Hatukuachana mahakamani wala kanisani. Lakini nilipanda gari nikamwacha mke wangu amenyoosha mkono, na kwa sababu hiyo nilimpoteza. Ninakula peke yangu, na ninazeeka peke yangu, na yeye yuko Buna na hatarudi.