Kocha Niliyemchekesha Redioni

Nakiri, nilisema uongo hewani. Mimi hutangaza mpira pembeni mwa uwanja, Biharamulo. Wakati wa mapumziko nilikuwa natafuna muhogo wa kuchoma, studio wakaniuliza ghafla, "Kocha wetu anasemaje?" Sikuwa nimezungumza naye, niliona kofia yake tu, kwa mbali, benchini. "Nimetoka kuongea naye," nikajibu. "Amecheka sana, akasema wapinzani wetu, Nyamigogo, wajiandae kulia."

Mara studio wakaunganisha simu ya msikilizaji. Nikasikia sauti ya mtu mzima, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye kocha. Kofia nimemwachia msaidizi. Niko Mabawe tangu jana, tumemzika mama. Hapa msibani wanauliza, nilikuwa nacheka nini?"