Kipara Mbele ya Flashi

Mtaani walimwita Kumi na Mbili, kwa sababu kamera yake ilikuwa ya filamu pana, na kila filamu ilitoa picha kumi na mbili tu. Wenye simu walipiga mia wakachagua moja. Yeye alipima mwanga, akavuta pumzi, akapiga moja, basi. Ukimwomba ya kumi na tatu alitabasamu tu: "Hiyo haijazaliwa."

Alikuwa mtu wa haya. Kamera ile ilimfaa kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo chake, maana huibandiki jichoni. Unainama na kuchungulia kioo kilicho juu yake, kama mtu anayetazama ndani ya kisima. Kwa miaka thelathini alifanya kazi ameinamisha kichwa, na wateja wakadhani ni adabu.

Aliyemshinda kumpiga picha ni mkewe tu, fundi cherehani. Walijuana siku alipokuja kupigwa picha ya kitambulisho. Flashi ilipowaka, akafumba macho. Akarudi siku ya pili, akafumba tena. Siku ya tatu ikabidi atolewe nje, juani. Mpaka leo mume humtania kwamba alifumba makusudi ili apate kurudi.

"Nirudi kwa nani?" mkewe hujibu. "Sura yenyewe nilikuwa sijaiona."

Sasa binti yao wa pekee alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi kwenda kazini nchi ya mbali, mkataba wa miaka minne. Aliomba kitu kimoja: picha ya mama yake akiwa kwenye cherehani, macho wazi.

"Si ya simu, Baba. Ya kwako, ya kutundika ukutani."

"Basi tumtoe nje."

"Nje atakunja uso kama kameza dawa. Mimi nimekulia chumba hiki. Namtaka humuhumu."

Chumba kilikuwa na kidirisha kimoja kinachotazama ukuta wa jirani. Bila flashi hapakuwa na picha. Na kabatini ilibaki filamu moja.

Akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akachomeka waya wa flashi, akainama. Nne za kwanza alielekeza flashi usoni. Mke akafumba. Nne zilizofuata akaigeuzia darini ili mwanga urudi chini umepoa, akafungua lenzi zaidi kufidia mwanga uliopungua. Mwanga ukawa laini kweli, lakini kope zilishuka kabla haujawaka. Tatu nyingine akamvizia katikati ya kushona.

"Kafumba," binti alisema kila mara. Mara ya mwisho hakuwa na mzaha tena. "Zimebaki ngapi?"

"Moja."

Mama akaitoa futi shingoni, akaikunja taratibu. "Nisamehe, mwanangu. Hata mimi nataka uende na macho yangu."

"Lakini unaogopa nini, Mama? Mwanga tu ule!"

"Siogopi mwanga. Baba yako akishainama naona kipara. Nabaki peke yangu na hiyo taa, nangoja inipige. Anayengoja kofi hafumbi macho?"

Binti akacheka mpaka akajishika kwenye ukingo wa meza. Kumi na Mbili hakucheka. Alitazama kioo mara ya mwisho, akahakikisha sura iko sawa, kisha akakifunga kifuniko chake. Akaunga kamba ndefu ya kufyatulia, akasimama wima pembeni mwa kamera. Masikio yalimwaka moto.

"Haya. Nitazame mimi."

"Wewe?"

"Kwani yuko mwingine?"

Mkewe akamtazama. "Umezeeka, baba watoto."

"Ndiyo unaona leo?"

Flashi ikamaliza kulia ikijijaza umeme, kitaa chake chekundu kikawaka. Akabonyeza. Na safari hii aliyefumba macho ni yeye.

"Kafumba?" akauliza haraka.

Binti alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, hakuona kitu.

"Mimi nitajuaje?" alisema mkewe.

Kumi na Mbili akajifungia bafuni, akaziba chini ya mlango kwa blanketi, akaisafisha filamu. Ilipokauka kwenye vibanio vya nguo, akaipeleka dirishani. Kwenye filamu kila cheusi huonekana cheupe. Katika picha kumi na moja, penye macho palikuwa na mistari tu. Katika ya mwisho palikuwa na viduara viwili, vyeupe pe, na ndani ya kila kimoja kidoa cheusi, mwanga uliorudi kutoka darini.

"Baba?" binti aliita mlangoni. "Vipi?"

Akaisogeza filamu karibu zaidi na mwanga.

"Mwite mama yako," alisema. "Mwambie aje aone anavyonitazama."