Maharage Yenye Jivu

Keki ilikuwa na umbo la sanduku. Sanduku la bati, la kijani cha jeshi, na kufuli lake la sukari, na juu ya kifuniko jina la baba mdogo kwa krimu nyeupe. Jina langu, mimi niliyehitimu, halikuwapo. Nilipomuuliza mwokaji alisema nafasi iliisha. Haya bwana.

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Baba alikuwa askari jeshi kutoka mashariki ya nchi. Kazi ilimleta Kasese, akampata mama yangu aliyekuwa amevuka mpaka kutoka upande wa Butembo kuuza vitenge, nikazaliwa mimi, akafa kabla sijaanza shule. Mdogo wake alikuwa polisi, naye akahamishiwa huku huku. Alikaa kambini mpaka alipojenga nyumba yake mtaa wa Nyamwamba, nyumba ya geti jekundu na mawe yaliyopakwa chokaa pande zote mbili za njia, utadhani unaingia kituoni kuandikisha maelezo. Humo ndani hata watoto wake wa kuzaa wanamwita afande.

Nilipopata nafasi ya sekondari, afande alinipa sanduku. Alilivuta kutoka chini ya kitanda, akakung'uta mende, akanikabidhi kwa mikono miwili mbele ya majirani aliowaita makusudi waje washuhudie. Bawaba moja ilikuwa imekufa na kufuli halikuwa na ufunguo. Miaka sita nililifunga kwa kamba ya mbuzi. Na kwa sanduku hilo, jamani, afande alinisomesha! Likizo nikiwa kwake, mgeni akifika tu, hata aliyekuja kuuliza njia, nilikuwa naitwa sebuleni nisimame.

"Hii kijana mimi ndio nilisomesha," anamwambia mgeni. "Uliza yeye mwenyewe. Wewe, sanduku ulipewa na nani?"

"Na wewe, afande."

"Sema kwa nguvu!"

"Na wewe, afande!"

Basi anaegemea kiti, anashika tumbo, ameshiba sifa.

Sasa niseme aliyenisomesha, maana nikimwachia afande ataandika kitabu. Shule yangu ilikuwa ya bweni, huko Bwera, karibu na mpaka, na kwa mzazi asiye na pesa ilipokea chakula badala ya ada. Mama yangu alikuwa akilima mashamba ya watu Maliba, kule vilimani, kwenye miteremko ambayo ukidondosha jembe unalifuata nusu saa. Alilipwa maharage. Kila muhula ukianza alipakia gunia lake kwenye lori la ndizi, akateremka hadi Kasese mjini, akatafuta lori jingine, akapita Kinyamaseke, akafika Bwera ameketi juu ya gunia lenyewe asije mtu akalichoma msumari na kujichotea. Nyumbani yeye na dada yangu walikula mihogo. Maharage yalikuwa yangu. Walikuwa wakiyaona, wakiyachambua, wakiyashona guniani, na hawayali. Mimi nilikuwa nikiyala Bwera pamoja na wenzangu mia kadhaa, tukilalamika kwamba hayana chumvi.

Mtunza stoo wa shule ile alikuwa mtu mfupi mwenye funguo nyingi kuliko milango. Kazi yake ilikuwa kupokea magunia, na aliifanya kama waziri. Wazazi wanapanga foleni juani, yeye anakunywa chai. Akishamaliza anakunja mkono wa shati hadi kwapani, anazamisha mkono wote ndani ya gunia, anachota ya chini kabisa, maana anajua watu huweka mazuri juu, kisha anang'ata punje moja na kutema karibu na miguu ya mwenye gunia. Punje ikiwa na tundu la mdudu, rudi nayo ulikotoka.

Nilikuwa sekondari mwaka wa pili. Mvua za Maliba zilikuwa zimechelewa, na mama alilazimika kutunza maharage yake tangu msimu uliotangulia ili yafike. Akayatunza kama kwao wanavyotunza: jivu la jikoni lililochanganywa na pilipili iliyosagwa, ukichanganya hasa, mdudu haji. Nyumbani ukitaka kupika unayapepeta kwanza, unayaosha, basi. Lakini safari hiyo lori la asubuhi lilikuja mapema kuliko kawaida, na mama akapakia gunia na jivu lake na pilipili yake, akisema moyoni kwamba wapishi wa shule si watoto, wataosha.

Mtunza stoo akazamisha mkono. Akang'ata, akakunja uso. Halafu, kwa sababu jua lilikuwa kali na jasho linamtiririka, akajipangusa jicho kwa mkono ule ule.

Yesu Maria! Mtu yule aliruka. Alizunguka foleni ya wazazi akilia "Ameniua! Huyu mwanamke ameniua!" na funguo zikilia naye kiunoni. Madarasa yote yalikimbilia madirishani. Walimu nao. Alipokwisha kuoshwa jicho na kupata sauti yake, alisimama juu ya mama akamwambia shule haili jivu, na kama anataka gunia lake lipokelewe aketi pale pale langoni aoshe punje moja moja, aanike, akimaliza amwite.

Mama akaketi. Aliazima karai kwa mlinzi. Akavua kitenge chake cha juu, akakitandika chini, akaanza kuosha na kuanika. Jivu lilikuwa limempanda mikononi hadi viwiko, na usoni kila alipojifuta. Watu mia kadhaa walikuwa wakimwangalia na hakuna aliyejua mwanawe ni nani, kwa kuwa nilikuwa nimeshawaambia wote kwamba mimi ni wa afande wa Kasese. Sanduku lilinithibitisha. Lilikuwa na namba za jeshi ubavuni, na mtoto wa shule hatofautishi jeshi na polisi.

Wakaanza kuulizana. "Mama wa nani yule? Wa nani?" Jirani yangu wa dawati alinitazama, nadhani bila sababu yoyote, lakini mwizi hupenda kuona kila mtu ni polisi. Nikatoa kichwa dirishani, nikapaza sauti kuliko wote:

"Leo tutakula jivu!"

Shule nzima ikapasuka kwa kicheko. Nami nikacheka, nikapiga dawati, nikafuta machozi. Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kuosha mpaka kengele ya jioni, maharage yakapokelewa, akarudi Maliba, na muhula uliofuata akaleta gunia jingine. Hakusema neno. Nilijiambia hakusikia, palikuwa na kelele. Nilijiambia hivyo miaka yote, hadi nikamaliza sekondari, hadi nikamaliza chuo kikuu kwa ufadhili wa serikali, hadi mwaka jana kamati ya sherehe ilipoketi kwa afande.

Kamati! Watu kumi na wawili, na kumi kati yao sikuwahi kuwaona nikiwa na njaa. Walipanga hema, spika, meza kuu, mshereheshaji wa kukodi mwenye suti inayong'aa kama samaki. Walichapa ratiba. Mama yangu nilimtafuta katika ratiba ile nikamwona ukurasa wa nyuma, chini ya "Mapishi". Kwenye sherehe hizi zetu, aliyehitimu hukata keki, hupiga magoti, na kumlisha kwa mkono wake yule aliyemsomesha. Kipande cha kwanza ndicho hati. Atakayelishwa kwanza, hata awe alikutazama tu ukipita, kuanzia siku hiyo ndiye aliyekusomesha, na hakuna rufani. Ratiba ilisema kipande cha kwanza ni cha afande.

Mimi nilikuwa na ratiba yangu mfukoni. Kurasa tatu nilizoandika kwa muda wa wiki nzima, kila neno limenolewa. Humo nilikuwa nimemvua afande nguo mbele ya wageni wake: kitanda, mende, bawaba, kamba ya mbuzi. Halafu ningemwita mama kutoka jikoni, kipande cha kwanza kingeingia kinywani mwake, na dunia ingejua. Nilikuwa nimekodi hata mpiga picha wangu. Nilitaka uso wa afande utoke vizuri.

Siku ikafika. Hotuba zikafuatana. Diwani mmoja alinishukuru kwa kuiletea kata heshima, akakosea jina langu mara mbili. Afande alisimama na fimbo yake ya kwapani, akaeleza jinsi elimu yangu ilivyomgharimu usingizi. Kisha vijana wawili wakaingia wamebeba kitu kilichofunikwa kwa shuka. Wakafunua. Lilikuwa sanduku lenyewe, limepakwa rangi mpya, limewekewa bawaba mpya na kufuli linalofunga! Miaka sita nililala nikilinda sabuni yangu kwa kamba, na sasa sanduku linapata kufuli ili lipigwe picha. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akasema tumpigie afande makofi ya kilo, wakapiga ya kilo.

Nikateleza nyuma ya nyumba kumwita mama, ili awe karibu wakati wake ukifika.

Alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya masufuria, ungo mapajani, anachambua maharage ya wageni watakaochelewa. Nguo aliyonunuliwa na dada yangu kwa ajili ya siku hiyo alikuwa ameikunja, ameiweka kwenye mfuko, isishike moshi.

"Mama, simama uvae. Leo watakujua wewe ni nani."

"Niko na kazi, papa." Hivyo ndivyo wa kwao wanavyowaita watoto wao wa kiume. "Enda kwa baba yako mudogo. Muzee iko anangoja."

"Yule? Alinipa sanduku bovu! Nimeandika yote, mama. Nitamwaibisha mbele za watu mpaka akome. Anakuibia jasho lako hivi hivi unaona?"

Akatupa kijiwe, akaendelea kupitisha vidole kwenye ungo.

"Yeye anasema uongo, ni kweli," akasema. "Lakini yeye hakunicheka. Siku ile ya jivu, kule Bwera, nilisikia sauti. 'Leo tutakula jivu.' Mi najua sauti ya mutoto nilizaa mwenyewe."

Nikashika nguzo ya jiko.

"Ulisikia? Na miaka yote hii... Mama, kwa nini hukusema kitu?"

"Niseme nini? Nilikuwa na maharagi ya kuosha." Akanitazama kwa mara ya kwanza, bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Enda sasa. Batu beko banangoja."

Nikarudi hemani. Nilipewa maikrofoni, nikatoa kurasa zangu tatu, nikazitazama. Kila tusi nililomwandikia afande niliona lina anwani yangu. Yeye alijivika jasho la mama yangu. Mimi nililicheka, nikajivika jina lake yeye, na leo nilikuwa naona haya kwa niaba ya mtu mwingine. Nyoo! Nikazikunja kurasa nikazitia mfukoni. Afande alikuwa ameshajiweka tayari, kidevu mbele, kinywa wazi, anasubiri keki kama kifaranga.

"Wale tuliosoma pamoja Bwera," nikasema, "mnamkumbuka yule mwanamke aliyeosha maharage langoni?"

Meza ya wenzangu ikalipuka. Walikumbuka! Mmoja akasimama, akajishika jicho, akaanza kuruka kama mtunza stoo. Mwingine akapiga kelele, "Leo tutakula jivu!" na hema zima, hata wasiojua kisa, likacheka. Mshereheshaji akacheka zaidi, analipwa kwa hilo.

Nikangoja wamalize.

"Aliyepiga kelele ile dirishani ni mimi," nikasema. "Na yule ni mama yangu. Yuko jikoni anawapikia. Gunia lile lilikuwa ada yangu, na mengine yote kabla yake na baada yake. Nilijua ni mama yangu wakati napiga kelele. Nilijua wakati nacheka."

Aliyekuwa akiruka akaketi taratibu. Afande akafunga kinywa, akakifungua tena, akatazama keki, akatazama sanduku lake jipya. Mpiga picha niliyemkodi alishusha kamera, hakujua apige nini. Nami nilisimama pale na joho langu, nikitamani mtu yeyote anitukane.

Ndipo kutoka nyuma ya nyumba ikaja sauti ya mama, ile ya sokoni, haihitaji spika:

"Maharagi imeiva! Mulete sahani!"

Watu wakasimama kwa kushukuru, wanavyosimama watu waliotafuta mlango. Ratiba ikafia hapo. Wenzangu wa Bwera wakachukua sahani wakaenda kupanga foleni mbele ya sufuria, vichwa chini, wakubwa wazima na tai zao. Diwani akafuata. Keki ilibaki mezani haijakatwa, na afande kando yake, mkono juu ya sanduku. Mimi nikavua joho, nikachukua sahani, nikasimama nyuma ya wote.

Zamu yangu ilipofika mama alichota upawa mmoja, akausimamisha hewani kabla ya kumimina. Wote waliokwisha kupakuliwa waligeuka kutusikiliza.

"Onja kwanza," akasema. "Usikie kama iko jivu."

Nikaonja pale pale, kwenye upawa, mbele ya watu wote. Halikuwapo. Alikuwa ameyaosha vizuri.